Nimerudi, nimekuta marika hayaonani

Ukikaa mbali kwa miaka mingi, unarudi unakuta umepandishwa rika bila kuulizwa. Niliondoka nikiwa kijana wa kutumwa huku na kule. Nimerudi naamkiwa na watu wenye ndevu, na kwenye vikao vya ukoo naambiwa "mjomba, wewe unasemaje?" kabla sijaketi vizuri. Waliokuwa nguzo nilipoondoka sasa wanashikwa mkono kushuka ngazi. Waliokuwa wakibebwa mgongoni wanatafuta kazi. Hayo niliyatarajia, umri haumsubiri mtu. Ambalo sikulitarajia ni kuwakuta watu hawa, damu moja, wanaishi karibu karibu tu, na hawaonani.

Hawajagombana. Ningekuta ugomvi ningeelewa, maana ugomvi una pa kuanzia. Wanapendana, wanatajana kwa wema, wanaulizana hali kwenye simu. Ila kukaa pamoja, mzee na kijana na mtu wa makamo, bila msiba, bila harusi, bila mgonjwa wa kuchangiwa, hakuna tena. Nimekuwa nikitafuta sababu tangu nirudi na nadhani nimeipata, ingawa binamu yangu mmoja hakubaliani nami hata kidogo. Nitamfikia.

Tuanze na grupu la WhatsApp. Ukiwa ughaibuni, grupu la familia ndilo linalokuonyesha nyumbani. Asubuhi salamu, mchana pongezi, mtoto kazaliwa, mtoto kafaulu. Siku hizi grupu moja linabeba hadi watu 1,024, kwa hiyo ukoo mzima unaenea na wakwe juu yake. Kwa mbali unaona watu walioshikana. Ukikaribia ndiyo unaona nani hasa anazungumza. Wanaoandika ni watu wa makamo, na wanachoandika zaidi ni fedha: fulani katuma, fulani bado, salio ni hili. Wazee wanatuma ujumbe wa sauti. Vijana wanabonyeza kidole gumba na kupotea. Wana grupu lao wenyewe, ambalo niliingizwa kwa heshima na kutolewa kimyakimya kabla sijasema lolote.

Shangazi yangu, yule ninayempenda kuliko wote na wote wanajua, alinipa simu yake nimwangalizie kitu. Alikuwa amemtumia mjukuu wake ujumbe wa sauti wa dakika nne. "Mwanangu, hizi tiki zikiwa za buluu si ndiyo kasikia?" Nikaangalia. Tiki mbili zilikuwa za buluu kweli, lakini kile kipaza sauti kidogo kilicho kando ya ujumbe kilikuwa hakijageuka rangi. Maana yake kijana kaufungua ukurasa, kauona ujumbe, hakuusikiliza. Nikasema mtandao unasumbua. Akanitazama tu, yeye si mtoto, akaniomba nimsikilizishe mwenyewe alichosema. Tukausikiliza wote wawili. Ndoto aliyoota, salamu, swali kuhusu kazi, kikohozi, swali kuhusu kazi tena, dua.

Kijana nilimpata baadaye. Ana adabu, ana akili, ana shahada. Anaishi kwa vibarua vya simuni: leo kamtengenezea mtu tangazo, kesho kamwandikia mtu barua ya maombi ya kazi, keshokutwa hakuna. Nikamuuliza kwa nini hamsikilizi bibi yake. Akacheka kwa aibu. "Shikamoo zote nampa, mjomba. Ila ujumbe wake najua ulichobeba. Ataniuliza kazi." Na vikao vya familia je? Mbona haji? Hapo hakucheka. "Nikija nitakaa pale, halafu orodha itasomwa. Jina langu lina kistari."

Orodha ile naijua, na wewe bila shaka unaijua ya kwenu. Inabandikwa kwenye grupu: jina, kiasi, tiki. Asiyetoa anawekewa kistari. Kila mtu akitoa, orodha inabandikwa upya, kwa hiyo kistari chako kinasomwa upya na ukoo mzima, mara nyingi kuliko hata jina la mgonjwa mwenyewe. Walioianzisha walitaka uwazi, na uwazi umepatikana. Lakini mchango umegeuka kiingilio. Anayelipa anaingia, asiye nacho anabaki nje, na anayebaki nje hatasema "sina". Atasema ana kazi nyingi, ataacha simu iite, mwishowe atazoea.

Nikamrudia shangazi, maana yeye naye haji vikaoni, na hadaiwi chochote. Nilidhani ni miguu. "Miguu ipo," akasema. "Wewe ungekaa? Wanajadili dawa zangu mbele yangu. Huyu atoe hiki, yule ameshindwa. Nikae nisikilize ninavyowachosha?" Basi kijana hajitokezi kwa kuwa hana, mzee hajitokezi kwa kuwa anapewa, na wote wawili wanakimbia daftari lile lile. Tena hakuna anayejua kwamba mwenzake naye amelikimbia. Kijana anaamini bibi amemkasirikia. Bibi anaamini mjukuu amemsahau.

Watu wengi nikiwaeleza haya wanarukia simu: simu zimeharibu vijana, simu zimetuua. Sitaki kuitetea simu, ila tusiitwishe kila kitu. Simu haikumwekea kijana kistari.

Huko nilikokuwa nilizoea kusikia upweke ukitajwa kama ugonjwa wa nchi zenye fedha. Uingereza iliteua waziri wa kushughulikia upweke mwaka 2018, Japani ikafuata mwaka 2021, na sisi wageni tulikuwa tukicheka: waziri wa upweke! Tukijisifu kwamba kwetu mtu hawezi kuwa mpweke hata akitaka. Juni 2025 tume ya Shirika la Afya Duniani inayoshughulikia uhusiano wa kijamii ikatoa ripoti yake, na kicheko kikanikauka. Mtu 1 kati ya 6 duniani anasumbuliwa na upweke, na upweke unahusishwa na vifo takriban 871,000 kwa mwaka. Hilo bado unaweza kusema ni lao. Lakini ripoti hiyo hiyo inasema katika nchi za kipato cha chini watu kama asilimia 24 wanajisikia wapweke, na katika nchi za kipato cha juu ni kama asilimia 11. Zaidi ya mara mbili. Na si wazee peke yao: kwa walio kati ya miaka 13 na 29 ni asilimia 17 hadi 21, vijana wadogo wakiongoza.

Ripoti haikutaja vistari, hiyo ni tafsiri yangu. Tunapenda kusema shida inakusanya watu. Shida ya siku moja, ndiyo, inakusanya: nyumba ikiungua wote tunatoka na ndoo. Shida ya kila mwezi inatawanya. Anayehitaji anaona haya, aliyeishiwa anaona haya, na aliyebaki na uwezo anaanza kuogopa simu ikiita.

Huyo aliyebaki na uwezo ndiye binamu yangu, mweka hazina wetu. Mwaka 1981 mtaalamu mmoja wa ustawi wa jamii nchini Marekani, Dorothy Miller, aliandika kuhusu watu waliobanwa katikati, wazazi wazee upande mmoja na watoto upande wa pili, wote wakitegemea mikono ile ile. Binamu yangu hajawahi kulisikia jina la Dorothy Miller, lakini ndiye aliyechorwa mle ndani. Analipa ada, ananunua dawa za wazazi wake na za wakwe, anakumbusha wadaiwa, anatukanwa na wadaiwa, anawafichia wengine aibu kwa kuwalipia kutoka mfukoni mwake na kuwawekea tiki. Hilo la mwisho sikupaswa kulijua. Nilimuuliza ni lini mara ya mwisho mtu alimpigia simu bila shida. Alifikiri kwa muda mrefu kiasi kwamba nilijuta kuuliza.

Kuna ushahidi wa kutosha kwamba hili halimgusi mtu moyoni tu. Chuo Kikuu cha Harvard kimekuwa kikifuatilia maisha ya kundi moja la watu tangu mwaka 1938, wakaja wakaongezwa wake zao na watoto wao, na matokeo yanayorudiwa sana ni kwamba uhusiano mzuri na watu unaendana na afya njema uzeeni. Mwaka 2010 Julianne Holt-Lunstad na wenzake walikusanya tafiti 148 zenye washiriki zaidi ya 308,000 wakakuta kwamba wenye uhusiano imara na watu walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kuwa hai mwisho wa utafiti, kwa asilimia 50 hivi. Kwa maneno mengine, zile dawa tunazochangia pekee hazitoshi kumlinda shangazi. Kukaa naye nako ni sehemu ya tiba, ila hakumo kwenye orodha.

Na mimi je, mtu wa ughaibuni? Mimi nilikuwa jina la juu kwenye orodha. Wanaoishi nje mtanielewa: unatuma, wakala anakata chake (Umoja wa Mataifa umeweka lengo gharama hiyo ishuke chini ya asilimia 3 ifikapo mwaka 2030, tusubiri), unashukuriwa kwanza kabla ya wengine, na miaka inapita hujaulizwa unalala saa ngapi. Niliporudi bila ule mshahara, shukrani zilifupika. Sina kinyongo, kusema kweli nilipata ahueni. Lakini niligundua baadhi ya ndugu hawajui kuongea na mimi bila hoja ya fedha mezani, na mimi sijui kuongea nao bila kutafuta pochi. Tulikaa na shemeji yangu mmoja tukimaliza habari za hali ya hewa mara mbili.

Sasa binamu. Nilimwambia wazo langu, kwamba orodha itolewe kwenye grupu, abaki nayo yeye na mwenzake wa kumkagua, na kila anayedaiwa akumbushwe kwa siri. Akanijibu papo hapo: "Mkono mtupu haulambwi. Toa orodha uone nani atalipa. Dawa hazinunuliwi kwa mazungumzo." Ana haki. Amelibeba hili miaka yote mimi nikiwa natuma na kulala. Asingekuwa yeye na daftari lake, wazee wawili watatu wangekuwa tumeshawazika, nami siwezi kusimama mbele yake nikajifanya najua kuliko yeye. Tulibishana hadi watoto wakaja kuchungulia kama tunapigana.

Tulipofika ni nusu njia. Majina yatabaki, viasi na vistari vitatoka. Atakayetoa atawekewa tiki, na asiye na fedha anaweza kutoa siku: kumpeleka mzee kliniki, kukaa foleni, kumsomea matokeo ya vipimo. Siku hiyo nayo ina tiki, ile ile. Binamu aliona huu ni ujanja wa kuwapa wavivu pa kujifichia. Kijana wa vistari aliposikia, aliuliza swali moja tu, kama kufundisha simu nako kunahesabika. Nikamwambia kunahesabika. Amekwenda kwa bibi yake, sijui waliongea nini, ila shangazi sasa anatuma ujumbe wa maandishi wenye makosa mengi na anajivunia kila mmoja.

Shirika la Afya Duniani, kwenye ripoti yake ya mwaka 2021 kuhusu ubaguzi wa umri, lilitaja njia tatu za kuupunguza: sera na sheria, elimu, na kuwakutanisha watu wa rika tofauti. Ripoti hiyo inasema mtu 1 kati ya 2 duniani ana mtazamo wa kibaguzi dhidi ya wazee, na kwamba vijana nao wanabaguliwa kwa umri wao. Sera siwezi kutunga. Elimu, kwenye ukoo wetu, maana yake ni hotuba, na hotuba tumeshiba. Imebaki hiyo ya tatu.

Kwa hiyo nimeomba Jumapili moja tukae bila ajenda. Hakuna mwenyekiti, hakuna kusoma salio, na imekatazwa kumuuliza yeyote kazi, ndoa au watoto. Hilo la ndoa liliongezwa na dada yangu, ambaye ameulizwa vya kutosha. Wazee wawili wamekubali, mmoja amesema mkutano usio na ajenda haujapata kutokea na anakuja kushuhudia. Vijana wameuliza kama wanaweza kuondoka mapema, tukasema ndiyo. Binamu alisita kuliko wote. Mwishowe amesema atakuja, ila daftari atalibeba, ataliacha kwenye gari, kwa sababu watu hawaaminiki.