Nilivyonasa stesheni za mbali kwenye mawimbi ya kati: fremu ya waya, swichi kuu na saa ya machweo

Ushauri wa kwanza anaopewa mtu anayetaka kunasa stesheni za mbali za AM, yaani za mawimbi ya kati, ni kuvuta waya mrefu. Kwangu ndio ulionichelewesha. Mita 30 za waya nje, ncha yake kwenye redio ndogo ya mkononi, na papo hapo redio ikajaa sauti. Ila ilikuwa stesheni moja tu, ile ya karibu, ikiongea kwenye namba za redio (masafa, kwa kilohezi, kHz) ambazo haina mnara. Waya uliingiza nguvu nyingi kuliko sehemu ya mbele ya redio inavyoweza kumeza.

Kosa hili lina hesabu yake, na ni vizuri kuijua kabla ya kusherehekea. Redio ya analogi kwa kawaida hugeuza kila wimbi kuwa 455 kHz kabla ya kulikuza, na hapo huzaliwa kivuli: stesheni kali husikika tena 910 kHz chini ya mahali pake. Ya 1548 hujitokeza 638. Nyingine hujirudia kwenye mara mbili ya namba yake, kwa hiyo ya 603 husikika 1206. Nikikutana na "stesheni mpya" huku chini, kwanza najumlisha 910 nione nani anakaa huko juu. Tena 638 haimo hata kwenye mpangilio: Afrika, Ulaya na Asia namba hupishana kwa 9 kHz kuanzia 531, na 638 haiangukii hatua yoyote.

Wimbi la mbali lenyewe halina haja ya kuongezwa sana. Mchana tabaka la D, la chini kabisa kati ya matabaka ya anga yaliyochajiwa na jua, kilomita 60 hadi 90 juu, hulimeza kabla halijafika popote. Jua likizama tabaka hilo huyeyuka ndani ya muda mfupi, na wimbi hufika tabaka la E, kama kilomita 100 juu, au la F juu zaidi, kisha hurudi chini. Mruko mmoja kupitia E hufika kama kilomita 2,000. Kupitia F huweza kuzidi 3,000. Kwa hiyo usiku wimbi lipo tayari juu ya paa. Kazi ni kuwanyamazisha walio karibu nawe.

Waya nikaukunja, nikatengeneza antena ya fremu. Mbao mbili za sentimita 85 zimefungwa msalaba, na ncha zake nne zikiunganishwa hutoa mraba wa sentimita 60 kila upande. Kwenye kila ncha nilikata mifereji 12 kwa msumeno, milimita 5 kutoka mmoja hadi mwingine, nikazungusha waya mwembamba wenye ganda la plastiki mara 12. Mzunguko mmoja hula mita 2.4, kwa hiyo jumla ni karibu mita 29. Nilikata 32 nibaki na mikia ya kuunganishia. Ncha zote mbili za waya huenda kwenye kapasita (kifaa cha kutunza chaji) ya kuzungusha, ile yenye mabati yanayopishana ndani ya redio kuukuu, ya takriban 365 pF (pikofaradi, kipimo cha kapasita). Hiyo ndiyo inayochagua namba fremu inayoitikia. Nilitumia upande wake mmoja tu.

Hapa ndipo wengi hukwama. Kwa vipimo hivi, mizunguko 12 hutoa takriban 206 µH (mikrohenri, kipimo cha koili), na fremu hushuka hadi kama 560 kHz halafu inagoma. Jibu la haraka ni kuongeza mzunguko wa 13. Chini itafika kweli, lakini juu itaishia karibu 1545, nawe utakuwa umepoteza 1602, huku mwisho wa mpangilio. Sababu ni kwamba waya zenyewe, kwa kukaa sambamba, zina kapasita yao ya karibu 30 pF isiyoondoka hata ukifungua mabati yote. Niliacha 12, nikaongeza swichi ndogo inayoingiza kapasita ya kudumu ya 100 pF sambamba na ile ya kuzungusha. Swichi ikizimwa napata takriban 560 hadi 1650. Ikiwashwa, 500 hadi 920. Hiyo ya 100 pF iwe ya maika au ya seramiki ya aina ya NP0, ile isiyoyumba kwa joto. Seramiki za bei rahisi hupoteza nguvu, na fremu inakuwa butu: unazungusha kitasa na huoni mahali stesheni inapopanda.

Hakuna waya wowote kati ya fremu na redio. Redio ndogo ina kijiti cha feraiti ndani (kitu kigumu cheusi chenye chuma, ndiyo antena yake ya AM), mara nyingi kimelala kwa urefu wake kwenye ukingo wa juu. Kijiti hicho kielekee kama mshale unaotoboa katikati ya fremu, redio ikiwa sentimita 10 hadi 30 kutoka kwenye waya. Weka redio kwenye namba unayoitaka, kisha zungusha kapasita polepole mpaka mvumo upande ghafla. Ukiisogeza redio karibu mno sauti huwa nzito kama ya mtu aliyejifunika blanketi, maana fremu imebana upana wa wimbi. Ukiona sauti inabadilika kila unapoondoa mkono kwenye kitasa, mwili wako umeingia kwenye hesabu ya kapasita. Kitasa kirefu cha plastiki hulimaliza hilo.

Faida kubwa ya fremu si kukuza. Ni kuziba sikio upande unaoutaka. Mnara ulio kwenye mstari wa ukingo wa fremu husikika vizuri. Mnara unaotazamana na uso wake, kama mtu aliyesimama mbele ya dirisha, hupotea. Na pande hizi mbili hazilingani: upande wa kusikia ni mpana, ukikosea hata nyuzi 30 sikio halitambui, lakini upande wa ukimya ni mwembamba kama uzi. Kwa hiyo simlengi ninayemtafuta. Namzima anayenisumbua, kisha nasikiliza kilichobaki. Fremu na redio vinakaa juu ya ubao mmoja unaozunguka, maana ukizungusha fremu peke yake kijiti cha redio kitaendelea kumsikia yule jirani. Kwa stesheni ya karibu huwa nainamisha fremu kidogo pia, nyuzi chache tu, na mara nyingi ndipo inapozama kabisa. Stesheni inayokuja kwa mruko haizimiki hivyo, kwa sababu inashuka kutoka juu na pembe yake hubadilika kila dakika.

Kelele za ndani ya nyumba zilikula muda mwingi kuliko mbao na waya. Jaribio ni moja: redio kwenye betri, namba isiyo na kitu, zima swichi kuu ya umeme. Mkoromo ukikatika, mchawi yumo ndani. Washa swichi moja moja mpaka urudi. Orodha yangu ya watuhumiwa ni chaja za simu, adapta za kompyuta, taa za LED na kidhibiti chaji cha sola. Kifaa kisichoweza kuzimwa, pitisha waya wake wa umeme ndani ya pete ya feraiti ya mchanganyiko 31 (namba ya aina yake dukani), mara saba au nane. Kuupitisha mara moja tu hakusaidii kwenye masafa haya ya chini. Uzuiaji hukua kwa mraba wa mizunguko, kwa hiyo mara saba ni kama pete 49. Kuhamisha fremu mita tano kutoka ukutani nako hufanya kazi ambayo pete hazifanyi.

Muda. Kuanzia nusu saa kabla ya machweo nasikiliza mashariki, kwa sababu huko giza limeshaingia na njia hufunguka mapema. Magharibi huja baadaye, nayo hukaa mpaka alfajiri, wakati mashariki imeshafifia. Radi ni adui: hata ikiwa mamia ya kilomita mbali, mpasuko wake husafiri kwa mruko uleule. Usiku wa radi nyingi nafunga mapema.

Kufifia hakuna dawa kamili. Mawimbi mawili ya stesheni ileile hufika kwa njia mbili, yakigongana yanafutana. Linalokera si sauti kupungua, ni sauti kukwaruza: wimbi mama, lile linalobeba sauti, limefutika ilhali kando zake mbili, ambamo sauti imo, zimebaki, na redio haina cha kulinganisha. Kwenye redio yenye SSB (usikilizaji wa kando moja tu ya wimbi) naiwasha, nazungusha taratibu mpaka mluzi ushuke na kuzama kabisa, hapo redio inatumia wimbi mama lake yenyewe. Kisha nachagua USB (kando ya juu) au LSB (kando ya chini), ule upande usio na jirani.

Mluzi usiozama una habari yake. Bara la Amerika hutumia hatua za 10 kHz, kwa hiyo stesheni ya huko kwenye 1010 ikigongana na ya 1008 hutoa mluzi wa 2 kHz, na huo ni ushahidi kwamba njia ya kuvuka bahari iko wazi hata kama husikii neno. Mahali pa kuwatafuta ni 950, 1040, 1130 na 1220, kwa sababu hapo jirani wa karibu zaidi yuko 4 kHz upande mmoja na 5 upande mwingine. Usipoteze muda na 540, 630, 720 na nyingine zinazofuata kila 90. Hapo mipangilio yote miwili inakutana na hakuna pengo.

Jina la stesheni mara nyingi hutajwa saa kamili, kwa hiyo narekodi kuanzia dakika ya 58 hadi ya 02, kila kitu kwa saa za UTC, saa ya kimataifa. Ili kuthibitisha, nikilinganisha na matangazo yao ya intaneti sitafuti maneno yaende pamoja: intaneti huchelewa, wakati mwingine kwa zaidi ya nusu dakika. Natafuta sentensi ileile ije baadaye, kisha ya pili ifuate kwa ucheleweshaji uleule. Ikija moja tu, daftarini naweka alama ya kuuliza.