Nauli ya Kurudi

Kwa miaka mitatu niliyokaa chuoni, nguo zangu hazikupata kuhama kutoka kwenye begi. Kabati nilikuwa nalo, tena lenye kufuli, lakini kila asubuhi nilivuta shati kutoka begini, na likishafuliwa na kukauka nikalirudisha mle mle. Katika mfuko wa pembeni zilikaa noti chache zilizokunjwa, ambazo sikuzigusa hata usiku niliolala na njaa. Mwenzangu wa chumbani alipoziona akauliza ni za nini, nilimjibu bila kufikiri kwamba ni nauli ya kurudi. Hakuniuliza kurudi wapi, na ni heri, kwa sababu bibi yangu alikuwa ameshafariki na nyumba yake ya Pangani ilikuwa inakaliwa na wapangaji.

Nilipelekwa kwa bibi baada ya kuachishwa ziwa, kama walivyopelekwa watoto wengine wengi, na hakuna aliyeliona jambo hilo kuwa msiba. Bibi hakujua kusoma, ila alikuwa na tabia ya kuniuliza swali kisha akanyamaza kungoja jibu. Kabla ya kuvunja nazi alitaka nimwambie ipi imekomaa; nami nilizitikisa sikioni moja baada ya nyingine, huku yeye amekwisha kukaa juu ya mbuzi, akisubiri, hata kama chakula kilikuwa kinachelewa. Aliniita mume wangu, kwa utani wa bibi na mjukuu, na mimi niliamini kabisa kwamba mume wa nyumba huombwa shauri.

Nilimkumbuka nikiwa mtu mzima, niliposoma kuhusu utafiti uliofanyika Kingston, Jamaika, ambako mwaka 1986 na 1987 Sally Grantham-McGregor na wenzake waliwachagua watoto 129 waliodumaa, wenye umri wa miezi 9 hadi 24, kutoka mitaa ya watu maskini. Baadhi walipewa lishe ya nyongeza, na baadhi walitembelewa na wahudumu wa afya kwa saa moja kila wiki kwa muda wa miaka miwili, mama akifundishwa kucheza na kuzungumza na mwanawe kwa vitu vya kuchezea vilivyotengenezwa kwa mikono. Wengine walipata yote mawili, na wengine hawakupata lolote kati ya hayo. Watoto hao walipofika umri wa miaka 22 hivi, waliotembelewa walikuwa wakipata kipato kikubwa kwa takriban asilimia 25 kuliko wasiotembelewa, ilhali lishe peke yake haikuacha tofauti ya namna hiyo. Sisemi kwamba chakula si kitu, maana mwenye njaa hachezi. Nilichokiona katika tarakimu hizo ni nazi ikitikiswa na mtu mzima akingoja.

Huku kwetu Afrika Mashariki pia kuna habari inayonigusa zaidi. Mwaka 1954 mwanasaikolojia Mary Ainsworth alifika Uganda, akawa anazitembelea familia katika vijiji vya karibu na Kampala, na moja ya mambo yaliyomvutia ilikuwa desturi ya Waganda ya kumpeleka mtoto kwa bibi yake wakati wa kumwachisha ziwa. Alikuta desturi hiyo imefifia, kwa hiyo akajikita katika kuwatazama mama na watoto wao nyumbani, na ndipo alipoona jinsi mtoto anavyomfanya mama kuwa kituo chake: anamwacha, anakwenda kuchungulia dunia, kisha anarudi kuhakikisha kwamba bado yupo.

Kwangu mimi kituo hicho kilikuwa bibi, na utengano ulikuja kinyume na ulivyotarajiwa. Nilipotimiza miaka sita nilipandishwa basi la Dar es Salaam ili nianze shule, na kila mtu alisema kwamba ninarudi nyumbani. Mtu aliyeambiwa kwamba anarudi nyumbani hana ruhusa ya kulia. Nikajifunza kutouliza na kutoomba, na walimu wakaandika kwamba mimi ni mtoto mtulivu, sifa ambayo nimeibeba hadi kazini: katika ajira yangu ya kwanza, Dodoma, niliwahi kulala na malaria siku nne bila kumpigia simu mtu yeyote, nikidhani huo ndio ukomavu. Yako makosa yangu mengine ambayo ni ya uvivu tu, na hayo sitaki kumtwisha mtoto wa miaka sita.

Mwaka jana nilimsimulia mama habari ya lile begi. Alikaa kimya, kisha akasema kwamba siku ile aliponipokea kituoni alikuwa na miaka 24, na alikuwa ameogopa usiku kucha kwamba nitamkataa. Sikuwahi kupiga hesabu hiyo. Nilipokuwa nikimsikiliza, mimi mwenyewe nilikuwa nimempita yule msichana wa kituoni kwa miaka mitano.

"Ulikataa uji siku mbili," akaniambia. "Nilipika kama anavyopika bibi yako, nikabadilisha unga, nikaongeza sukari, ukaukataa tu. Mpaka leo sijui nilikosea wapi."

"Ndimu, mama," nikamwambia. "Bibi alikuwa akitia ndimu."

"Sasa mbona hukusema?"