Mchele Mwekundu wa Uzgen

Noti ya som 50 ya Kyrgyzstan, nchi ya Asia ya Kati, ina picha ya mama mmoja aliyejifunga kilemba kikubwa cheupe. Ni Kurmanjan Datka, aliyewaongoza watu wa milima ya Alai katika karne ya 19. Ukiigeuza unakutana na mnara mnene wa matofali. Pale stendi ya mji wa Osh, Kirusi changu kilikuwa cha kuombea maji tu, basi nikamnyooshea dereva noti ile nikagusa mnara kwa kidole. Akacheka. "Özgön!" Abiria wa nyuma, mzee wa Kiuzbeki, akamsahihisha: "O'zgan." Ndilo jina la mji wenye mnara huo; ramani nyingi zinaandika Uzgen. Nikapanda.

Gari lenyewe wanaliita marshrutka, lakini wewe liite daladala tu: linaondoka likijaa, na likijaa bado kuna nafasi. Ni kama kilomita 55. Barabara ya zamani kutoka Osh kwenda Jalal-Abad ilikatiza ardhi ya Uzbekistan, na enzi za Usovieti hakuna aliyejali. Siku hizi mpaka ni mpaka, kwa hiyo magari yote huzunguka kupitia Uzgen.

Ilikuwa mwisho wa Septemba, na tulisimama mara tatu kupisha kondoo. Mifugo ilikuwa inashuka kutoka jailoo, malisho ya kiangazi huko juu milimani, kabla theluji haijafunga njia. Nyuma ya kundi alikuja kijana juu ya farasi, kichwani kalpaki, kofia ndefu nyeupe ya sufu iliyoshindiliwa. Hao ni Wakirgizi. Chini barabarani, kandokando ya majaruba ya mpunga, wanaume walivaa doppi, kofia nyeusi ya pembe nne iliyotariziwa kwa uzi mweupe. Nilizikodolea macho, maana kwetu Tanga babu yangu alishona kofia za viua maisha yake yote, na mkono wa fundi unaujua hata ukiwa wa nchi nyingine. Hao ni Wauzbeki. Kwa kofia tu unaweza kuisoma wilaya nzima: mji na mashamba ya bondeni kwa sehemu kubwa ni ya Wauzbeki, na kadiri unavyopanda kuelekea safu ya milima ya Fergana, vijiji vinakuwa vya Wakirgizi. Si kanuni ya chuma. Dereva wangu alikuwa Mkirgizi na mkewe analima mpunga.

Mnara una mita 27 na nusu. Ulikuwa mrefu zaidi kabla tetemeko halijaukata kichwa. Uzgen ilikuwa mojawapo ya miji mikuu ya Wakarakhani, ukoo wa watawala wa Kituruki wa zamani, na makaburi yao matatu yamesimama pale pale, yameungana bega kwa bega, yamejengwa karne ya 11 na ya 12. Nilitumia saa nzima kwenye lango la upande wa kusini, la mwaka 1187. Udongo wa kuchoma umechongwa maua na maandishi ya Kiarabu, hakuna sehemu ya kiganja iliyoachwa tupu. Ukizoea milango ya Unguja, utajikuta unatafuta msumari wa shaba.

Magharibi nikaingia msikitini, na hapo nikajiaibisha. Imamu alipomaliza Alhamdu, nikavuta "Aaamiin" kwa sauti kama tulivyolelewa. Ikawa sauti yangu peke yangu. Wale ni Wahanafi, si Washafii kama sisi; amini yao ya moyoni. Bwana wa pembeni yangu, mwenye doppi, alisubiri salamu itolewe, akaniuliza kwa ishara natoka wapi, kisha akanishika mkono hadi kwake. Nilimwita aka, kaka mkubwa, kama nilivyosikia wengine wakimwita.

Tuliketi juu ya kitanda kipana cha mbao kilichowekwa juu ya mfereji, maji yakipita chini yetu. Chai ya kijani aliimimina kwenye kikombe akairudisha birikani, mara tatu, ndipo akanipa nusu kikombe. Nusu ndiyo heshima. Kikijaa, maana yake umealikwa kuondoka. Mimi nikaweka mkate kifudifudi. Mtoto wake wa miaka sita hivi akaugeuza haraka, bila kuniangalia.

Dereva naye alikuwepo. Kumbe wanajuana: huyu anamuuzia kondoo, yule anamuuzia mchele. Nilipouliza habari za bwawa la Kempir-Abad, lililo juu ya mto Kara-Darya, mazungumzo yalipoa. Mkataba wa 2022 uliipa Uzbekistan ardhi ya bwawa hilo, Kyrgyzstan ikapewa maeneo mengine kwa fidia. Watu wa huku walilalamika, na wanasiasa na wanaharakati zaidi ya 20 wakatiwa ndani. Juni 1990 sikuuliza. Mwaka ule ugomvi wa ardhi kati ya Wakirgizi na Wauzbeki ulioanzia Osh ulifika Uzgen na kuua mamia, majirani kwa majirani. Mwaka 2010, Osh na Jalal-Abad zilipowaka tena, Uzgen ilitulia. Hilo walilisema wenyewe, wote wawili, wakipokezana sentensi.

Kisha pilau ikaja. Wao huiita osh, au palov. Mchele wake ni devzira, punje nene zenye vumbi jekundu, na fahari ya Uzgen yote iko humo. Asubuhi yake nilikwenda kuuona unavyokobolewa kwa njia ya zamani: maji ya mfereji yanazungusha gogo, gogo linainua mchi mzito, mchi unaanguka kinuni. Twanga, nyamaza, twanga. Kinu ni kilekile cha bibi yangu, ila anayetwanga ni mto.

Upishi ni huu: mafuta ya mkia wa kondoo, nyama, vitunguu, karoti nyingi zilizokatwa vijiti, vichwa vizima vya vitunguu saumu, bizari nyembamba. Basi. Nilitafuta iliki kwa ulimi, nikatafuta mdalasini, wapi. Nilitaka kuidharau, nikashindwa. Kila punje imekunywa mchuzi na haijavunjika. Dereva alichambua nyama kwa vidole akaisogeza upande wangu wa sinia.

Nilibeba kilo mbili hadi Tanga. Mama alifungua mfuko, akaona vumbi lile jekundu, akaniuliza kama mchele ulimwagika barabarani. Nikamweleza habari za mto, mchi, na karoti. Akausikiliza mkasa wote huku akiosha maji ya tano, ya sita. Kisha akafungua kopo, akatia karafuu.