Unakwenda kwa Nani? Siku Tano Kutoka Matamba Hadi Matema

Konda wa Noah pale Chimala aliliangalia begi langu, akaniangalia mimi. "Matamba unakwenda kwa nani?" Nikamjibu siendi kwa mtu, nataka kuvuka milima kwa miguu mpaka Ziwa Nyasa. "Na mwenzako yuko wapi?" Sina. Akalitupa begi kwenye keria, juu ya magunia, bila neno jingine.

Barabara ya kupanda Matamba ina kona 57, na ndivyo inavyoitwa, Hamsini na Saba. Nilianza kuzihesabu, nikapotea kwenye thelathini na kitu. Dereva alikuwa anapiga stori na mama mmoja siti ya nyuma, shingo ameigeuza, na kila tukipinda bonde la Usangu linazidi kuzama chini yetu. Nikaacha hesabu, nikashika siti.

Hiyo ilikuwa Jumanne, mwishoni mwa Machi. Asubuhi yake nikaenda kulipa kiingilio cha hifadhi ya Kitulo, nikaambiwa kutembea kwa miguu ndani ni lazima uwe na askari. Kwa hiyo siku mbili za safari yangu ya upweke nilizitembea nyuma ya kijana mpole mwenye bunduki, mwendo wake kama anawahi basi. Hata hivyo tulianza kwa kudandia lori lililokuwa linafuata viazi.

Kitulo ikawa Hifadhi ya Taifa mwaka 2005, lakini wenyeji wanaiita Bustani ya Mungu. Ukipita na gari utaona nyasi tu na ukungu, utajiuliza sifa zote hizo ni za nini. Lazima uchuchumae. Chini ya nyasi ndipo zilipo okidi, zaidi ya aina 40, nyingine ndogo kuliko ukucha wa kidole, nyeupe, zambarau, moja ya manjano yenye madoa kama chui. Askari alinionyesha shimo jipya. Kuna watu huchimba viazi vya okidi na kuviuza Zambia, kule vinatwangwa na karanga kupikwa chakula kiitwacho chikanda. Alilifukia lile shimo kwa buti, taratibu, ingawa hakukuwa na kitu tena ndani.

Usiku tulilala bonde la Numbi. Huko juu ni kama mita 2,600, baridi haina utani. Mvua ilinyesha mpaka alfajiri, kiberiti kikalowa, tukanywa maji na kula biskuti. Tuseme tulipumzika.

Msitu wa Livingstone unashuka magharibi, na kushuka kule ni kuteleza: tope, mizizi, kisha mianzi iliyosongamana hata ukatembea umeinama. Mahali fulani nilianguka chali nikabaki kama kobe, begi limening'ang'ania. Askari alicheka mpaka akaegemea mti. Halafu akanyamaza ghafla, akainua kidole. Huko juu kitu kilibweka, sauti nzito kama honi ya lori la zamani. Matawi yakatikisika, nikaona mkia mrefu na manyoya ya kahawia, basi.

Kipunji. Watafiti walimwona mara ya kwanza mwaka 2003, mwaka 2005 akatangazwa duniani kuwa kima mpya, na mwaka 2006 akapewa jenasi yake mwenyewe, Rungwecebus. Mpya kwa wasomi, lakini. Jina lenyewe walilikuta kwa wawindaji wa Kinyakyusa, ambao watafiti walianza kwa kudhani wanasimulia hadithi.

Askari aliniaga ukingoni mwa msitu. Mwakaleli nikapelekwa moja kwa moja kwa mwenyekiti wa kijiji. Akafungua daftari, akaandika jina na nilikotoka, kalamu ikasimama. "Umekuja kwa nani?" Nikamweleza yote tangu Chimala. Akafikiri, akaandika jina lake mwenyewe. Hema alinikataza kabisa: mgeni halali nje kama ng'ombe. Nikala mbalaga ya ndizi na maharage hadi nikaona aibu, nikalala chini ya bati mvua ikipiga.

Siku mbili zilizofuata nilikuwa peke yangu kweli, nikilifuata bonde la Mto Lufilyo. Kila niliyekutana naye nilimsalimu "Mugonile," nikauliza Matema ni mbali? "Aa, hapo tu." Hapo tu ya kwanza ilikuwa mwendo wa saa nne. Migomba ikaja, kisha kakao, kisha joto, nikavua koti, nikavua sweta, magoti yakaanza kulalamika kwa zamu. Kimo cha ziwa hakifiki mita 500 juu ya usawa wa bahari, na mteremko wote huo unalipwa na magoti.

Jumamosi mchana nikaingia gulioni Lyulilo, pale Matema. Vyungu vya Wakisi kutoka Ikombe vilikuwa vimepangwa mchangani, vyekundu, vya michoro myeupe. Bibi mmoja muuzaji aliyatazama matope yaliyonikauka hadi mapajani.

"Baba, umetoka wapi?"

"Kitulo. Kwa miguu."

"Kwa miguu?" Akamgeukia mwenzake, wakasemezana Kikisi, wakacheka. "Nani alikuwa anakukimbiza?"

Nilinunua chungu kidogo.