Basi ni mkia tu wa neno

Jana jioni nimekwama foleni ya Tazara kwenye daladala la Gongo la Mboto, konda anagonga bodi "sogea nyuma mama, nyuma kweupe" wakati nyuma hata sindano haipenyi, nikaanza tu kujiuliza hivi neno basi limetoka wapi. Kwa Waingereza sawa, wao wanasema bus, ila na wao wamelikata, lilikuwa refu, omnibus, ambalo ni Kilatini kabisa na maana yake "kwa ajili ya wote". Wafaransa ndo walianza kuyaita hivyo magari ya farasi ya kubeba abiria, miaka ya 1820 huko Nantes, af 1829 jamaa anaitwa George Shillibeer akayapeleka London.

Sasa kilichonichekesha ni hiki, shina lenye maana ya "wote" ni omni, hiyo bus ya mwisho ni kiambishi tu cha Kilatini, peke yake haina maana yoyote. Yani ni kama mtu achukue "sokoni" aitupe "soko" abaki na "ni" af aipande kwenda Kariakoo 😂

Na daladala nayo ina safari yake, ilitokana na dala, sarafu ya shilingi 5 iliyokuwa nauli enzi hizo, na dala ni dola, na dola asili yake Kijerumani, thaler, Kilatini hakimo kabisa. Kwa konda wetu lakini ile "kwa wote" bado inafanya kazi, hajawahi kuona gari limejaa.