Uso na Viganja

Mbalanga yangu, yale mabaka meupe ya ngozi, ilianzia ncha za vidole, ikapanda viganjani, kisha ikazunguka mdomo na macho. Daktari alinieleza vizuri: kinga ya mwili inaziandama seli zinazotengeneza rangi ya ngozi, haiambukizi, na duniani karibu mtu 1 katika kila 100 anayo. Nilimwelewa. Lakini muuza duka akikuwekea chenji juu ya meza ili vidole vyenu visigusane, maelezo ya daktari yanakuwa mbali sana.

Kwa muda mrefu dua yangu ilikuwa moja: Ya Rabbi, nirudishie rangi yangu. Naamka usiku kuswali tahajudi, nikishatoa salamu tu natazama mikono. Kuomba shifaa, yaani uponyaji, si vibaya. Nabii Ayubu aliomba, na mimi naomba mpaka leo. Ila kila nikiiona mikono ile ile, nilirudi kitandani na uchungu zaidi ya nilioamka nao.

Kilichonifungua ni udhu. Huwezi kutia udhu huku unajikwepa. Unaosha viganja, unasukutua, unaosha uso, unapandisha maji mpaka viwikoni, na kila hatua nagusa pale pale ninapopaficha kwa watu. Tena kwenye swala mwanamke anajisitiri mwili mzima, anabakisha uso na viganja. Kwangu mimi ndiko mbalanga iliko! Barabarani navuta ushungi mpaka mashavuni, mikono naificha ndani ya buibui, lakini mbele ya Mola wangu ndivyo vilivyo wazi, mara tano kwa siku, na hajanifukuza hata mara moja. Wazo hilo lilinijia nikiwa kwenye sijida, alfajiri. Nililia mpaka mswala ukalowa. Niliponyanyuka, kifua kilikuwa chepesi, wepesi ambao dawa ya kupaka haijapata kunipa.

Kuna ile dua ambayo wengi wetu tulifundishwa kuisoma mbele ya kioo: Ewe Mola, kama ulivyolifanya zuri umbo langu, ifanye nzuri na tabia yangu. Nilikuwa nimeiacha. Sasa naisoma kwa sauti, na maneno yale ya mwanzo nayaamini.

Kliniki bado nakwenda. Wiki ijayo binti wa mama mdogo anaolewa, na siku ya kupaka hina nimeshamwambia mpakaji aniwekee nafasi: viganja vyote viwili, maua mpaka kwenye vifundo.