Breki za fimbo zinashika: nilivyojenga Ford yangu ya 1930

Kila niliyemwonyesha gari langu kabla halijakamilika aliinama, akachungulia chini, akainuka na neno lilelile: "Toa hizo fimbo, weka breki za mafuta, utakufa." Wengine hata hawakuinama. Jirani, muuza spea, kijana wa dukani aliyezaliwa juzi, dereva mwenzangu ambaye gari lake mwenyewe taa ya breki inawaka mwaka mzima. Wote wataalamu. Nikawauliza swali moja tu: umewahi kuendesha gari la breki za fimbo, zinazovutwa kwa vyuma badala ya kusukumwa na mafuta, ambalo pini zake ni mpya na ngoma za breki zake, yale mabakuli ya chuma ambayo viatu vya breki vinayabana kwa ndani, ni nzima? Hakuna hata mmoja.

Basi naandika kwa hasira kidogo na majigambo mengi, kwa sababu gari liko barabarani, linasimama ninapotaka lisimame, na kwenye breki zake hamna hata tone la mafuta.

Mimi ni mtoto wa Tanga, dereva wa malori hapa California, naishi upande wa San Bernardino. Huku ndiko nyumbani kwa hotirodi. Vijana wa miaka ya 1930 walichukua Ford kuukuu, wakang'oa madigadi na kila chenye uzito usio na faida, wakaichokonoa injini, kisha wakaenda kukimbizana kwenye maziwa makavu ya jangwani, Muroc na El Mirage. Mwaka 1937 klabu zao zikaungana kuunda SCTA, chama cha mbio hizo cha Kusini mwa California. Muroc siku hizi iko ndani ya kambi ya jeshi la anga ya Edwards, lakini El Mirage mbio zipo mpaka leo na nimeshakula vumbi lake.

Nilitaka gari la namna hiyo, la kabla ya vita. Hapo ndipo ugomvi unapoanzia. Chrysler walikuwa na breki za mafuta tangu 1924, lakini mzee Henry Ford aligoma. Matangazo yake yalijisifia usalama wa chuma kuanzia pedeli hadi gurudumu, na mpaka magari yake ya 1938 breki bado zilikuwa za kuvutwa. Za mafuta zilikuja na magari ya 1939. Baada ya vita vijana wakang'oa fimbo na kufunga hizo za 1939 kwenye Ford zao za zamani, ndiyo maana leo ukisema hotirodi ya asili, wengi picha inayowajia ni hiyo. Siwakatalii. Ila gari langu ni la wakati wa kabla ya hapo, na sitalivalisha suruali ya mdogo wake.

Lenyewe ni Model A ya 1930, rodsta, halina paa. Nililinunua likiwa mafungu mafungu kwa mzee mmoja aliyechoka kuliangalia. Bei sitaitaja, Mama Salma anasoma. Jumla ya yote, pamoja na spea za mnada wa Pomona, ni kama Toyota iliyotumika sana. Bodi, rangi, nyaya, viti, hayo kila mtu anajua. Mbele nililishusha kwa kuipindua macho springi, yaani vile vitanzi vya nchani, nyuma nikatoa majani kadhaa ya springi, nikafunga rimu za inchi 16 za Ford ya 1935. Kwa breki hilo nalo lina faida: tairi likiwa fupi, breki ileile inapata nguvu zaidi. Injini ni ileile ya silinda nne iliyotoka kiwandani na farasi 40, sasa ina kabureta mbili za Stromberg na ina kelele kuliko inavyostahili.

Sasa breki. Ukikanyaga pedeli, unazungusha shafti iliyolala kwa upana chini ya gari, nayo inavuta fimbo nne, kila moja na gurudumu lake. Basi. Ni baiskeli ya Phoenix yenye magurudumu manne. Mtu aliyekulia Tanga hana haja ya kuogopeshwa na jambo hili. Baba yangu mdogo alikuwa fundi baiskeli Ngamiani, na sikumwona hata siku moja akianza na spana mteja akileta baiskeli isiyoshika. Alishika chuma cha breki kwa vidole viwili, akakitikisa, akasikiliza. "Tafuta kwanza kinachocheza," ndivyo alivyokuwa akisema, halafu ndiyo anatafuta spana.

Nikalala chini ya Ford nikatikisa. Kila kitu kilikuwa kinacheza. Pini zilikuwa zimelika katikati mpaka zina viuno, matundu ya vichwa vya fimbo yametanuka upande mmoja, bushi za shafti kana kwamba hazikuwahi kuwekwa. Kiungo kimoja kikicheza kidogo tu si neno, lakini viungo vyote vikijumlishwa, nusu nzima ya safari ya pedeli inaishia kuondoa ulegevu, na breki hazijaguswa. Watu wanakanyaga hivyo, gari halisimami, wanalaumu fimbo.

Ushauri wa hapo ndio ulioniudhi kuliko yote: "Kaza fimbo, zifupishe." Ukizifupisha, pedeli inapanda, unafurahi siku mbili. Lakini umeshaivuta mikono ya breki kabla hujakanyaga, na pembe zimeharibika. Hili mimi silijui kwa Ford, nalijua kwa lori. Kila asubuhi nakagua slaki ajasta za trela, ile mikono inayorekebisha breki za hewa: breki ikishika, ule mkono na fimbo ya chemba ya hewa vinatakiwa vifanye pembe mraba, maana hapo ndipo nguvu ni kubwa kuliko pengine popote. Mkono ukipita hapo, unasukuma sana unapata kidogo. Model A ni hesabu ileile. Kabla ya kukanyaga, mikono ilale kidogo kinyume na upande inakovutwa, ili breki ikishika iwe inafika kwenye pembe mraba. Fimbo unazipima mara moja, unazifunga, unazisahau. Breki hurekebishwa kwenye gurudumu lenyewe, kwa ile skrubu ya kichwa cha mraba nyuma ya bamba. Unaizungusha, unaihisi ikiruka kituo kwa kituo.

Matundu yote niliyajaza kwa kuchomelea, nikayatoboa upya kwa inchi 5/16, nikatia pini mpya. Usipanue tundu ukatia pini nene, kesho spea ya dukani haikuingii.

Magurudumu ya mbele yana ufundi ninaoupenda. King pini, kile chuma ambacho gurudumu linakizungukia ukikata kona, ina tundu katikati, na ndani yake inapita pini nyembamba inayosukumwa na mkono kutoka juu, ambayo chini inakandamiza kabari inayovitanua viatu vya breki. Kwa kuwa inapita kwenye mhimili uleule wa kukata kona, unaweza kuzungusha usukani mpaka mwisho na breki isijue. Pini hiyo ikilika kwa miaka, inakuwa fupi, na hakuna marekebisho yanayosaidia. Dawa yake ni kipande kidogo cha chuma kigumu, huku wanakiita kidonge, unakidumbukiza ndani kufidia kilicholika. Dola chache. Sijawahi kununua kidonge kilichonisaidia haraka vile.

Kuna aliyenishauri niikate ile fimbo ya pembe tatu inayoishikilia ekseli ya mbele, nifunge miguu yake miwili pembeni mwa chesisi, "ndivyo hotirodi zinavyofanywa." Ndivyo, kwa wenye breki za mafuta. Ya Ford inakutana katikati kwenye tufe moja chini ya injini, karibu na shafti ya breki, kwa hiyo ekseli ikipanda na kushuka, fimbo za breki zinafuata karibu duara lilelile. Ukiihamisha, kila shimo la barabara linakukanyagia breki au linakuachilia. Nilimshukuru nikaendelea na kazi.

Sasa nifike kwenye ngoma za breki, maana hapa ndipo palipokaribia kuwapa ushindi wale wataalamu.

Ngoma za asili ni za bati la chuma lililokandamizwa. Zangu zilikuwa na mifereji, nikazipeleka karakana moja zikakerezwe. Fundi, jina simtaji, alizikereza mpaka ziking'ara vizuri sana. Hakuniambia amebakisha unene gani, na nadhani hakupima. Nikafunga, nikazunguka mtaani, breki safi. Jumamosi nikapanda njia ya mlimani ya Cajon, nikarudi kwa kipande cha zamani cha Route 66, nikiwapungia watu mkono kama mgombea ubunge.

Breki ya kwanza, sawa. Ya pili, pedeli imeshuka kidogo. Ya tatu nikasikia ile harufu ambayo kila dereva wa lori anaijua, na pedeli ikaendelea kushuka, taratibu, bila haraka, mpaka ikalala sakafuni. Ngoma nyembamba ikipata moto inatanuka na kuvikimbia viatu. Kwenye breki za mafuta ungepampu ukapata kitu. Za fimbo hazipampuki, safari ya pedeli ikiisha imeisha. Mbele yangu kona, nyuma yangu bwana mmoja na pikapu anayetaka kunipita. Gia boksi ya Model A haina sinkro, kifaa cha kulinganisha mwendo wa gia, kwa hiyo kushuka gia ya pili ukiwa kwenye mteremko ni klachi, nyutro, gusa mafuta, klachi tena, ingiza, na uombe Mungu meno yakutane. Lori limenifundisha hilo mpaka nalifanya usingizini. Gia ikaingia. Injini ikanguruma, kabureta zikatema, na breki ya mkono, ambayo kwenye Model A ina mkanda wake peke yake kwenye magurudumu ya nyuma, ikamaliza kazi iliyobaki. Nikaegesha pembeni. Yule wa pikapu akapita, akainua kidole gumba, akidhani nimesimama kupiga picha.

Nikiwa nimekaa pale nikisubiri vyuma vipoe, simu ikaita, Mama Salma.

"Baba Salma, uko wapi?"

"Nakagua breki."

Sikusema uongo.

Dawa yake ni ngoma za chuma cha kusubu. Ni nzito na ghali, mamia ya dola kwa seti, lakini hazitanuki ovyo. Kama una fedha ya kununua kitu kimoja tu kwenye gari hili, acha kromu, nunua hizo. Viatu navyo vichongwe vifuate duara la ngoma yako, si la jirani. Mimi nilipaka chaki ndani ya ngoma, nikafunga, nikazungusha huku nimekanyaga kidogo, nikafungua: lainingi, lile gamba la msuguano juu ya kiatu, ilipoguswa na chaki ndipo inapogusa. Mwanzoni ilikuwa ncha tu za viatu. Nikapiga msasa, nikarudia, na kurudia, mpaka chaki ikaenea. Vumbi la lainingi za zamani lina asbesto, usilipulize kwa mdomo hata kama fundi wako wa utotoni alikuwa akifanya hivyo.

Kusawazisha magurudumu manne bila msaidizi nilitumia kipande cha ubao. Ncha moja inaegemea fremu ya kiti, nyingine inasukuma pedeli, na nimeukata vijino ili pedeli ikae inchi moja, moja na nusu, au mbili. Gari liko juu ya jeki zote nne. Kijino cha kwanza, magurudumu yote yazunguke huru. Cha pili, ya nyuma yaanze kukwaruza. Cha tatu, ya nyuma yakaze na ya mbele ndiyo yaanze. Ford walizipanga hivyo, nyuma asilimia 60 na mbele 40, na msiposikia mkakaza ya mbele zaidi mtajua wenyewe siku ya mvua. Kulia na kushoto vikilingana kwa mkono, nenda barabarani, kanyaga kwa nguvu mahali pasipo na watu, angalia alama za tairi. Upande unaovuta, ulegeze. Usiukaze ule mwingine. Nilivyofanya hivyo zile alama zikatoka nne, nyuma zimekoza kidogo kuliko mbele, nikazipiga picha na kumtumia kila mtu aliyewahi kuniambia nitakufa.

Nimerudi Cajon na mteremko uleule. Pedeli haikushuka. Hata hivyo nateremka na gia ya pili, na naacha nafasi mbele, kwa sababu tairi ni nyembamba na wenye magari mapya wanasimama ghafla kuliko mtu yeyote wa 1930 alivyotarajia. Kota pini, zile za kukunjwa ncha zinazozuia pini kuchomoka, ukizitoa tupa, weka mpya. Grisi kila baada ya maili mia kadhaa, si mafuta ya kupuliza.

Salma ana leseni mpya na ameshaanza kuomba ufunguo. Nimemwambia kwanza alale chini ya gari, atikise pini zote, aje aniambie ipi inacheza. Ametoka na grisi shavuni, anasema ya mbele kulia. Nimekwenda kuitikisa, kweli inacheza. Nimeagiza nyingine.